Korongo la Njorowa si mahali pa kwenda kichwakichwa

Wahenga walitufunza kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huikariri tangu madarasa ya chini, na kila mwalimu huiandika ubaoni bila kuhisi haja ya kuifafanua. Hata hivyo, kuna mahali katika nchi yetu ambapo methali hiyo haifai kutegemewa hata kidogo, na ambapo anayeitegemea anaweza kulipa kwa roho yake. Mahali hapo ni Korongo la Njorowa, ndani ya mbuga ya taifa iitwayo Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha. Humo maji ya mauti yanaweza kumfikia mtu jua likimwakia utosini, wala asione wingu hata moja juu ya kichwa chake.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa kuwa safari za wanafunzi kutoka huku pwani kwenda bara zimekuwa rahisi kuliko zilivyokuwa zamani. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaendelezwa kuelekea upande wa Naivasha. Mwanafunzi anayepanda gari moshi asubuhi akiuacha mnuko wa chumvi ya bahari hulala bara usiku huohuo. Hapa kwetu Makupa nimeulizwa na walimu zaidi ya mmoja iwapo korongo hilo linafaa kutembelewa na watoto wa shule. Jibu langu si fupi, na ndiyo sababu ya makala haya.

Nitautaja msimamo wangu mapema ili nisije nikatiliwa maneno kinywani. Wanafunzi wapelekwe Njorowa. Lakini wapelekwe kwa elimu, kwa wakati unaofaa na kwa masharti ambayo hayawezi kuvunjwa na mtu yeyote, awe mwalimu mkuu, mzazi mfadhili au dereva mwenye haraka ya kurudi. Safari isiyokuwa na mambo hayo matatu na iahirishwe, hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Kwanza tueleze ni kitu gani kinachowavuta watu huko. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1984, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 68 hivi. Ni ndogo mno ikilinganishwa na Tsavo, lakini ina jambo ambalo Tsavo haina: mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli miongoni mwa wanyama. Mwanafunzi ambaye amezoea kumwona pundamilia kupitia dirisha la basi, au katika picha ya kitabu, hapa humwona akila nyasi hatua chache kutoka alipo. Kuna twiga, kongoni, pofu, ngiri, swala pala na swala tomi. Kuna nyati pia, na chui hajatoweka, kwa hiyo uhuru huo wa kutembea si ruhusa ya kuzurura. Juu ya magenge mekundu huishi pimbi, na juu ya pimbi huzunguka tai mweusi ambaye pimbi ndiye riziki yake kuu. Tumbusi hujenga viota katika nyufa za majabali, nao mbayuwayu na teleka huingia na kutoka humo kama nyuki mzingani. Mwenye bahati humwona mbuzi mawe akisimama kwa ncha za kwato zake mahali ambapo mtu asingethubutu kuweka kidole.

Kisha liko korongo lenyewe. Ni ufa mrefu uliochongwa katika miamba ya volkeno, wenye kuta ndefu zilizopangika tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Mahali pengine ni pana, na mahali pengine ni pembamba hata mtu akinyoosha mikono aweza kugusa kuta zote mbili. Kuna sehemu ambapo maji ya moto huchuruzika kutoka ukutani, kwa sababu chini ya ardhi ile moto haujazimika. Ni moto huohuo unaotoa mvuke wa Olkaria, ambako kiwanda cha kwanza cha kuzalisha umeme kilianza kazi mwaka 1981. Leo zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na mwingi wake hutoka Olkaria. Mwanafunzi wa Makupa anayesoma usiku kwa taa ya stima anasoma, kwa sehemu fulani, kwa mwangaza wa Njorowa. Je, hilo pekee si sababu ya kutosha ya kwenda kuona?

Fauka ya hayo, korongo hili lina historia inayotugusa sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Jina la Kiingereza la mahali hapa hunasibishwa na wapelelezi wawili wa Kizungu, Gustav Fischer wa Ujerumani na Joseph Thomson wa Uskoti, ambao walipita Naivasha mwaka 1883. Nguzo moja ya jiwe iliyosimama pweke karibu na lango la mbuga huitwa hadi leo kwa jina la Fischer. Thomson naye ameachiwa swala: yule tunayemwita swala tomi amebeba jina lake hata katika Kiswahili chetu. Lakini tujiulize, mabwana hawa walifikaje huko? Thomson aliondokea huku kwetu Mombasa, na kuanzia Taveta alisafiri pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa amekwisha kuzijua njia za Umasaini kabla ya Mzungu huyo kufika. Wapagazi walizungumza Kiswahili. Amri za msafara zilitolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha yetu iliyajua magenge yale kabla hayajachorwa katika ramani za London na Berlin. Aliyepewa sifa ya kuvumbua ni yule aliyerudi kwao akaandika kitabu.

Hapa ndipo mimi, kwa kuwa ni mtu wa isimu, ninapolazimika kusema neno juu ya majina. Wamaasai wanapaita mahali hapo Njorowa. Wageni wakapaita Lango la Jahanamu. Tazama jambo la ajabu: huku kwetu pwani, juu ya Malindi, kuna bonde la mmomonyoko huko Marafa, lenye nguzo za udongo mwekundu na mweupe zinazong'aa jua linapokuchwa. Wenyeji Wagiriama hupaita Nyari, na wana kisa chao kuhusu watu matajiri waliokufuru neema hata ardhi ikawameza. Katika vitabu vya watalii bonde hilo huitwa kwa Kiingereza Jiko la Jahanamu. Yaani makorongo mawili, moja bara na jingine pwani, yenye watu tofauti na lugha tofauti, yote mawili yamepelekwa jahanamu! Macho ya mgeni yaliona joto na kutisha, basi. Mwenyeji aliona mahali penye jina, kisa na matumizi.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Kenya pekee. Korongo mashuhuri kuliko yote katika Afrika Mashariki liko Tanzania, na dunia nzima hulijua kwa jina la Olduvai. Jina lenyewe ni Oldupai, neno la Kimaasai la mkonge wa mwituni unaoota humo kwa wingi. Daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika hapo mwaka 1911, na sauti moja ya neno ikapotea njiani kutoka sikio la mgeni hadi karatasi yake. Kosa hilo likaingia katika vitabu vya sayansi, likakaa humo miaka na miaka. Mwaka 1959 Mary Leakey alifukua hapo fuvu lenye umri wa miaka karibu milioni moja na robo tatu, likaitwa Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Neno hilo Zinj ni jina la kale ambalo Waarabu waliupa mwambao wetu huu. Mwalimu wa Kiswahili anayewafundisha watoto asili ya maneno asikose kuutumia mfano huo. Jina la mahali ni hati. Likiandikwa vibaya, sehemu ya maarifa hupotea pamoja nalo.

Sasa turudi Njorowa na tulitazame neno letu wenyewe, korongo. Katika Kiswahili neno hili lina maana zaidi ya moja. Kuna korongo ndege, yule mwenye miguu mirefu na shingo ndefu. Na kuna korongo la ardhi, ambalo ni shimo refu lililochimbwa na maji ya mvua. Msomaji aizingatie maana hiyo ya pili. Hatuwezi kueleza korongo ni nini bila kuyataja maji. Wataalamu wa miamba wanatuambia jambo lilelile kuhusu Njorowa: zama za kale, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa mara nyingi kuliko lilivyo leo, lilifurika upande wa kusini na maji yake yakapita hapo, yakikata mwamba kama msumeno. Ziwa likapungua, lakini njia iliyochimbwa ikabaki. Mvua inaponyesha juu ya miinuko inayoizunguka, maji huifuata njia ileile, kwa kuwa hayana nyingine. Anayetembea katika Njorowa anatembea ndani ya mto ambao haupo kwa wakati huo. Neno kavu lisitudanganye.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mvua inayoua korongoni si lazima iwe imenyesha korongoni. Yaweza kunyesha mbali, juu mlimani, mahali ambapo mtu aliye chini katikati ya kuta mbili hawezi kupaona. Anachokiona yeye ni kipande chembamba cha mbingu, nacho chaweza kuwa samawati kabisa. Maji hukusanyika juu huko kutoka vijito vingi, yakaingia mahali pembamba, yakapanda kwa kasi kwa sababu hayana pa kutandaa. Hayaji kama maji ya bomba lililofunguliwa pole pole. Huja kwa mkupuo, yamebeba tope, mawe na magogo, na mtu mzima mwenye nguvu hana uwezo wa kusimama mbele yake, seuze mtoto.

Haya si maneno ya kutishana. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 vijana wa kundi la kanisa walikuwa matembezini katika korongo hilo yakawafikia maji ya ghafla, na saba miongoni mwao wakafa. Nchi ililia, magazeti yakaandika, wakubwa wakatoa rambirambi. Miaka saba baadaye, siku ya Jumapili, tarehe 1 Septemba 2019, maji yalishuka tena. Watu saba wakapoteza maisha, akiwamo kiongozi wa wageni, kijana wa mahali hapo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo. Msomaji na aitazame miezi hiyo miwili. Aprili ni mwezi wa masika, na mtu angeweza kusema kwamba tahadhari ilihitajika kwa sababu ya majira. Lakini Septemba si masika wala vuli. Kwa hiyo kalenda pekee haimlindi mtu, kama vile mbingu iliyo juu ya kichwa chake isivyomlinda.

Sisi wa kisiwa hiki tuna jambo la kujifunza hapo, na tuna jambo la kufundisha vilevile. Makupa, kabla ya kuwa mzunguko wa magari na honi za matatu, ilikuwa kivuko. Maji yakipwa, watu waliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara kuingia kisiwani. Wazimba walivuka wakaingia Mombasa mwaka 1589, nao Wareno wakaweka ngome ndogo hapo Makupa ili kukilinda kivuko. Aliyevuka alilazimika kuijua saa ya maji. Wazee wetu waliigawa elimu hiyo kwa maneno ya hakika: maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu. Mtoto wa mvuvi aliyajua maneno hayo kabla ya kujua kusoma, na maneno hayo yalimwokoa. Lakini bahari ina miadi. Huja na kurudi kwa hesabu ya mwezi, na aliyejifunza hesabu hiyo hashtukizwi. Korongo halina miadi na mtu. Ndiyo maana mwanafunzi wa pwani, ambaye amelelewa akiamini kwamba maji huheshimu saa zake, yumo katika hatari ya pekee anapoingia Njorowa. Elimu aliyo nayo ni ya kweli, ila si ya mahali pale.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba maji hudai njia yake. Kwa miongo mingi tuta la Makupa liliuziba mkondo, maji ya upande mmoja yasionane na ya upande wa pili, mpaka daraja lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 2022 ili mkondo upite tena. Kilichotuchukua miongo kadhaa kukikubali hapa, korongo humfunza mtu kwa dakika chache.

Najua kwamba wapo watakaosema: maadamu hatari ni kubwa hivyo, safari hizo zipigwe marufuku kwa shule zote, jambo likaisha. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini haina busara. Tukipiga marufuku kila mahali palipowahi kutokea msiba, tutafunga bahari, tutafunga barabara kuu ya Nairobi, na kivuko cha Likoni hakitabeba mtoto. Mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kuona. Mtoto atayaonaje matabaka ya ardhi, mvuke wa volkeno na viota vya tumbusi ikiwa tutamfungia darasani na mchoro? Isitoshe, marufuku haiwazuii watu. Huwazuia tu walimu waadilifu, kisha wale wasiojali wakaenda kimya kimya, bila barua na bila kibali, na hao ndio wanaohitaji uangalizi zaidi.

Wapo wengine watakaosema kwamba ajali haina kinga, na kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Sina ugomvi na imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba methali hiyo huwafariji waliofiwa baada ya msiba, na hiyo ndiyo kazi yake. Kuitumia kabla ya msiba ili kujivua wajibu ni kuigeuza kuwa kisingizio. Wahenga haohao walisema tahadhari kabla ya athari. Mwalimu aliyekabidhiwa watoto 40 na wazazi wao hana ruhusa ya kuchagua methali inayompunguzia kazi.

Mimi mwenyewe nimeingia katika korongo hilo mara tatu, mara mbili nikiwa na wanafunzi wa chuo. Katika safari moja, kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai mwenye maneno machache, alisimama ghafla tukiwa hatujafika hata nusu ya njia. Aliuinamia mchirizi wa maji uliokuwa ukipita miguuni petu, akautazama kwa muda, kisha akapiga simu na kuzungumza na mtu kwa Kimaasai. Alipomaliza alisema kwa Kiswahili, "Tunarudi." Jua lilikuwa kali. Wanafunzi walinung'unika, na mmoja akasema waziwazi kwamba wamelipa pesa zao na wana haki ya kufika mwisho. Kijana hakubishana naye. Alirudia neno lake lilelile, akatangulia kupanda. Tulipanda nyuma yake. Tulikaa juu ya genge karibu saa mbili, na hakuna maji yaliyokuja.

Njiani nyuma wanafunzi wangu walidai kwamba kiongozi alikosea. Niliwaambia kwamba hakukosea. Usahihi wa uamuzi wa namna ile haupimwi kwa kuja kwa mafuriko. Hupimwa kwa dalili alizokuwa nazo mtu wakati anapoamua. Maji yalikuwa yamebadilika rangi, na mwenzake wa juu alimwambia kwamba mawingu yametanda mlimani. Kwa dalili hizo, kurudi ndiko kulikokuwa sahihi, hata kama angelazimika kurudi mara 100 na mafuriko yakaja mara moja tu. Tabia ya kumcheka mtu mwangalifu kwa sababu msiba haukutokea ndiyo inayoandaa msiba unaofuata.

Jambo hili linanifikisha kwenye tatizo ambalo aghalabu halisemwi. Kiongozi wa wageni ni mtu anayeishi kwa malipo ya siku na bakshishi. Anayemlipa anataka kufika mwisho apige picha. Kijana yule anapolazimika kuchagua kati ya kumridhisha mteja na kufuata anachokijua juu ya mahali pake, mizani haiko sawa. Tena msiba wa 2019 ulituonyesha kwamba kuwa na kiongozi peke yake hakutoshi, kwa kuwa naye yumo ndani ya ufa uleule na haoni mlimani. Kwa hiyo lazima pawe na jicho la juu na pawe na mamlaka kwa aliye chini.

Yatokanayo na hoja hizo ni haya ninayowapendekezea walimu. Kwanza, kabla ya siku ya safari, na tena asubuhi ya siku yenyewe, mwalimu aulize ofisi ya KWS ya mbuga iwapo korongo liko wazi, na asome utabiri wa hali ya hewa wa Naivasha na miinuko yake, si wa Mombasa wala Nairobi. Pili, ikiwa mvua imenyesha au inatarajiwa popote juu ya korongo, kundi lisishuke. Liendeshe baiskeli uwandani, litazame wanyama, lipite kando ya magenge, na siku itakuwa imejaa elimu vilevile. Tatu, pasiingie kundi lolote bila kiongozi wa mahali, na kiongozi huyo awe na mtu wa juu wa kuwasiliana naye. Nne, mwalimu awatangazie wanafunzi mbele ya kiongozi kwamba neno la kiongozi ni la mwisho, na kwamba akisema turudi malipo yake hayatapungua hata senti. Tano, makundi yawe madogo, na kila mwanafunzi aonyeshwe njia za kupandia juu kabla ya kuzihitaji. Sita, kila mmoja azijue dalili: maji yakigeuka kuwa ya tope, yakianza kubeba majani na vijiti, au ukisikika mngurumo kutoka juu, hapana kungoja amri wala kuokota mkoba. Ni kupanda.

KWS nayo nina ombi kwake. Maonyo yote ya korongoni, ya kibao na ya mdomo, yatolewe kwa Kiswahili na Kimaasai kama yanavyotolewa kwa Kiingereza, tena kwa maneno mafupi yasiyohitaji kufasiriwa. Mtu aliyeshikwa na hofu hana muda wa kutafsiri kichwani. Onyo linalookoa ni lile linaloingia sikioni kwa lugha ambayo mtu huotea ndoto. Na jina la Njorowa lipewe nafasi ya kwanza, Lango la Jahanamu lifuate. Silitaki jambo hili kwa ajili ya fahari. Jina la mwenyeji humkumbusha mgeni kwamba yuko mahali penye watu wanaopajua, na kwamba yampasa aulize. Jina la Jahanamu limegeuka kuwa la mchezo, la kupigia picha na kuandika katika fulana, na kitu cha mchezo hakimtii mtu adabu.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, safari hiyo isiachiwe mwalimu wa jiografia pekee. Kabla ya kwenda, wanafunzi wakusanye msamiati wa maji na ardhi kutoka kwa wazee wao: mkondo, kijito, genge, bonde, mteremko, bamvua, na mengineyo ambayo hata mimi sijayasikia. Wakifika, wamwulize kiongozi vitu hivyohivyo vinaitwaje kwa Kimaasai na kwa nini. Wakirudi, waandike insha inayoanzia hapo. Watagundua wenyewe kwamba kila jamii imetia maarifa yake ya kujikinga ndani ya maneno yake, na kwamba anayedharau lugha ya mwenyeji anadharau kinga yake mwenyewe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika Njorowa huenda pia asipate wasaa wa kujuta.

Na ile methali niliyoanza nayo tusiifute ubaoni. Tuifundishe pamoja na swali ambalo kila mwanafunzi aingiaye korongoni anapaswa kuweza kulijibu: mawingu ya wapi?